Vijana Wetu Ndani ya Matatu: Tuwaambie Nini, na Tuwaambie Vipi

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya wazazi, walimu, wahudumu wa matatu na wawakilishi wa wanafunzi mjini Kitui, wiki mbili kabla ya shule kufungwa.

 

Ofisi yetu ya habari hupokea malalamiko ya kila aina. Mengi ni ya maji, barabara na dawa. Lakini kila shule zinapokaribia kufungwa, na tena zinapofunguliwa, kuna lalamiko moja linalorudi, na mara nyingi mwenye kulileta ni mtu wa makamo anayeanza kwa kusema, "Mimi sitaki kumshtaki mtoto wa mtu, lakini..." Kisha anaeleza. Vijana wamekaa viti vya nyuma wanapiga bati la gari kama ngoma kutoka Kabati hadi Kitui mjini. Mwingine ameweka miguu juu ya kiti kilicho mbele yake, na viatu vina matope. Mwingine anacheza video kwenye simu kwa sauti ya juu, video ambayo mwaitu aliyekaa karibu naye hawezi kuitazama wala kuisikiliza bila kuinamisha kichwa. Maganda ya ndizi yanarushwa dirishani. Susu amesimama ameshika chuma, kijana wa Kidato cha Tatu ameketi anatazama nje kana kwamba ghafla amependezwa sana na mibuyu.

Hayo ndiyo nimekuja kuyazungumzia. Hotuba za kuwalaumu vijana mmezisikia za kutosha, kwa hivyo nitajaribu kusema jambo ambalo mtu anaweza kulitumia akipanda gari kesho asubuhi.

Kwanza tukubaliane kuhusu wingi wao. Mwenye umri wangu anakumbuka wakati ambapo wengi walioanza darasa la kwanza hawakufika sekondari. Mwaka 2008 serikali ilianza kugharamia masomo ya sekondari za kutwa. Mwaka 2018 ikaja sera ya kila mtoto anayemaliza shule ya msingi kuingia sekondari, ile tunayoiita asilimia 100. Ni mambo mema. Lakini mtoto aliyeingia shule ya kutwa kilomita kumi kutoka kwao anahitaji kufika huko na kurudi. Kitui ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na sensa ya 2019 ilitupata tukiwa watu 1,136,187. Jirani zetu wa Makueni walikuwa 987,653. Watoto wetu wanasoma kwao na wao wanasoma kwetu. Siku ya kufunga shule, msichana wa Mutomo anatoka Wote, na mvulana wa Kibwezi anatoka Mwingi. Tangu barabara ya Kitui hadi Kibwezi ipate lami, wengi hupita Ikutha bila kuzunguka Machakos. Kwa hivyo matatu imekuwa mahali ambapo kijana wetu hukaa saa nzima au tatu bila mzazi wala mwalimu. Tusishangae kwamba ni humo tunamwona alivyo.

Sasa, kabla ya kufika kwa kijana, tuanze na spika.

Naomba madereva na makondakta wasinune, maana nimewaalika mimi mwenyewe na nafurahi mmekuja. Lakini kelele kubwa kuliko zote ndani ya matatu haitoki kwa mwanafunzi. Inatoka kwenye spika iliyofungwa chini ya kiti, na mwenye kuiongeza ni mhudumu. Anaiongeza akiona sare za shule pale steji, kwa sababu anajua vijana huchagua gari kwa muziki. Mwanafunzi akiingia anakuta wimbo wa matusi umeshawekwa na mtu mzima. Halafu mzee akilalamika, kondakta anageuka na kusema, "Ni hawa watoto, mzee." Hapana. Mtoto akizungumza ndani ya gari la namna hiyo lazima apige kelele ili rafiki yake asikie. Anakuwa mchafuzi wa pili.

Sheria ya jambo hili ipo. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo, zilizotolewa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira, zinakataza kelele zinazowasumbua watu, na matatu haikupewa ruhusa ya peke yake. Katiba nayo, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kudhibiti kelele na kero nyingine za umma, pamoja na maegesho na uchukuzi wa barabarani ndani ya kaunti. Kwa hivyo muziki wa kutoboa masikio pale steji mnaweza kutuletea sisi. Leseni ya gari, mkanda, kidhibiti mwendo na beji ya kondakta ni kazi ya mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, na polisi wa trafiki, na hao wako chini ya serikali ya kitaifa. Shule za sekondari vilevile ni za serikali ya kitaifa. Nasema hivi kwa sababu mwananchi huzungushwa kati ya ofisi mpaka akachoka, na kuchoka kwake kunafaidi mkosaji.

Wale waliopanda matatu kabla ya Februari 2004 wanajua kwamba tabia ndani ya gari inaweza kubadilika. Hayati John Michuki alipokuwa waziri wa uchukuzi alileta mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano, sare ya buluu kwa dereva na ya rangi ya damu ya mzee kwa kondakta. Watu walisema haiwezekani. Mabasi yaliegeshwa, watu wakatembea kwa miguu, na baada ya muda mfupi kila abiria alikuwa akifunga mkanda na kukaa kwenye kiti chake. Hakuna aliyezaliwa upya katika wiki hizo. Abiria ni walewale. Kilichobadilika ni kwamba gari lenyewe lilikuwa na mpangilio, na mtu akiingia mahali penye mpangilio huwa anajipanga. Kwamba tumelegea tangu hapo ni habari nyingine, na nyote mnaijua.

Kuna tukio ambalo bado hutajwa mikutano kama hii inapoitishwa. Agosti 2015, shule zilipofungwa, polisi walisimamisha basi kwenye barabara ya Karatina kuelekea Nairobi. Ndani mlikuwa na wanafunzi 45 kutoka shule mbalimbali, pombe, bangi na mambo ambayo sitayataja mbele ya wazee. Nchi nzima ilizungumza kuhusu wanafunzi hao kwa wiki kadhaa. Magazeti, na mimi nilisomea uandishi wa habari kwa hivyo nina haki ya kuyasema, yalitumia wino mwingi kuuliza vijana wa siku hizi wameharibikaje. Swali lililoulizwa kwa sauti ndogo ni hili: basi lile halikujiendesha. Liliendeshwa na mtu mzima mwenye leseni. Kuna mtu mzima aliyepokea nauli. Pombe iliuzwa na mtu mzima. Ukimtazama mtoto peke yake katika kisa kile, hutajifunza lolote la kukusaidia hapa Kitui.

Nikija kwa kijana mwenyewe, naomba tutenganishe mambo matatu ambayo huwa tunayachanganya.

Kuna kukosa adabu. Hapo naweka miguu juu ya kiti, simu yenye kelele, kicheko cha kupita kiasi, begi kwenye njia, kutompisha mzee. Hayo yanaudhi, lakini hayamuui mtu na hayahitaji polisi. Kuna hatari: kutoa kichwa dirishani, kuning'inia mlangoni, kumrukia dereva au kumshika bega akiendesha, kuwasha sigara ndani ya gari lenye mtungi wa mafuta ya taa wa abiria mwingine. Hapo hakuna kubembeleza, gari linapunguza mwendo na kusimama mahali salama mpaka kitendo kikome. Na kuna uhalifu, kama kumshika msichana, kuiba, kupiga mtu au kuuza bangi. Hapo gari linaenda kituo cha polisi kilicho karibu na mhusika akiwa ndani. Tatizo letu ni kwamba tunachukulia la kwanza kama la tatu, tunafoka na kutishia, na likija la tatu kweli tunalichukulia kama la kwanza. Tunasema, "Ni utoto tu." Msichana aliyeshikwa mwili kiti cha nyuma anasikia hayo na hatasema tena.

Haya ya kwanza, ambayo ni mengi zaidi, yanashughulikiwa kwa mdomo. Lakini mdomo una namna yake.

Kijana wa miaka 15 akiwa peke yake ni mtu mmoja, na akiwa na wenzake watano ni mtu mwingine kabisa. Ukimfokea mbele yao, umempa kazi ya kufanya: lazima akujibu, la sivyo atachekwa muhula mzima. Hata kama moyoni anajua umesema kweli, hawezi kukubali pale. Wazee wetu walijua hili. Hawakumsema kijana hadharani mbele ya marika yake. Walimwita kando, au walimtuma mjomba. Ndani ya matatu hakuna kando, lakini kuna sauti ya chini.

Nitatoa mfano. Mama ametoka hospitali ya rufaa na mtoto mchanga aliyechomwa sindano. Nyuma yake kuna kijana na simu. Anaweza kugeuka na kusema, "Wewe, mama yako hakukufunza adabu?" Jibu analijua kila mtu aliye hapa. Au anaweza kugeuka taratibu, amtazame yule mmoja, aseme, "Mwanangu, huyu mdogo wako ametoka kudungwa sindano na ndiyo amelala sasa hivi. Nisaidie upunguze kidogo." Nimeona akina mama wengi wakifanya hivi na sijaona ikishindwa mara nyingi. Hakusema chochote kuhusu malezi. Amemwita mwanangu, amempa sababu anayoweza kuiona kwa macho, na amemwomba kitu kidogo kinachowezekana. Kijana akipunguza, wenzake wanaona amemsaidia mama mwenye mtoto. Hajashindwa na mtu.

Na kama ni kundi zima, usiongee na anayepiga kelele zaidi. Tafuta yule aliye kimya kando yao, yupo kila mara, na umwambie yeye: "Kijana, hebu waambie wenzako kuna mgonjwa hapa mbele." Mwenzao akisema, inakuwa ni habari. Ukisema wewe, inakuwa ni vita.

Omba mapema pia. Watu wengi huvumilia kutoka Kitui hadi Kwa Vonza, hasira inapanda polepole kama maziwa jikoni, na wakifungua mdomo yanamwagika matusi. Kijana anashangaa, maana kwake jambo limeanza sasa hivi. Ukisema dakika ya kwanza utasema kwa upole, kwa sababu bado una upole.

Ikishindikana, mwite kondakta. Usipigane. Umelipa nauli, na utulivu ndani ya gari ni sehemu ya kazi yake. Makondakta, mimi najua mnaogopa kupoteza wateja wa shule. Lakini yule mwaitu aliyeshuka kwa hasira anasafiri mwaka mzima, na mwanafunzi wa bweni anasafiri siku chache kwa muhula. Fanyeni hesabu.

Sasa niwageukie watu wazima wote, na hapa wanafunzi wanaweza kukaa vizuri.

Hapa Kenya mwanafunzi hana nauli yake maalumu. Nauli hupangwa na wenye magari, na siku ya kufunga shule inapanda kwa sababu wanajua mtoto hana njia nyingine. Kwa ndugu zetu wa Dar es Salaam mwanafunzi analipa nauli ndogo kuliko mtu mzima, na shida yao ni ya namna nyingine: kondakta wa daladala akiona sare anafunga mlango, kwa sababu kila mwanafunzi anachukua nafasi ya abiria wa nauli kamili. Watoto wanasimama kituoni jua linachwa. Kwetu hawaachwi kituoni, wanabanwa. Watatu kwenye kiti cha wawili, sanduku la chuma juu ya mapaja, na wameombwa nauli zaidi ya ile aliyolipa mtu mzima aliyekaa kwa starehe mbele. Kisha mtu mzima huyohuyo anapanda Kanyonyoo na kumwambia mmoja wao, "Simama nikae."

Kumpisha mzee, mama mjamzito, mgonjwa au mlemavu ni heshima, na wanafunzi mnaonisikia, mfanye hivyo bila kusubiri kuambiwa. Lakini mtoto aliyelipa kiti ana kiti. Mwanamume wa miaka 35 mwenye afya yake, kama mimi, hana haki ya kumwinua msichana wa miaka 14 aliyebeba begi la vitabu. Na gari likiwa na abiria 14 kwa viti 14, kama sheria inavyotaka, swali la nani asimame halitokei kabisa. Mara nyingi tunapogombana na mtoto kuhusu kiti, mkosaji ni aliyepakia wa 17.

Nimeongea na wanafunzi wachache kabla ya kuandaa maneno haya. Mmoja aliniambia kitu ambacho nimeshindwa kukisahau: kwamba wao hupiga kelele zaidi kwenye magari yale ambayo wametukanwa wakati wa kupanda. Sikumuuliza kwa nini. Sidhani alihitaji kueleza.

Nifike sasa kwenye jambo ambalo kwa hakika ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa leo, kwa sababu mengine yote ni ya adabu na hili ni la uhai.

Kuna tabia ya kuwashusha wanafunzi njiani. Kelele zimezidi, abiria wamekasirika, dereva anakanyaga breki na kusema, "Nje!" Abiria wanapiga makofi. Gari linaondoka. Natamani kila aliyepiga makofi afikirie mahali ambapo gari lilisimama. Kati ya Ikutha na Kibwezi kuna sehemu ndefu ambazo hutaona nyumba. Kitui Kusini tunapakana na Tsavo Mashariki, na wakaazi wa huko hawahitaji kuambiwa na afisa wa habari kuhusu ndovu. Kibwezi na Mtito Andei ni hivyohivyo, mbuga ziko karibu. Na barabara kuu ya Mombasa, kutoka Salama hadi Mtito Andei, ina malori usiku kucha. Mtoto aliyeshushwa hapo saa kumi na mbili na nusu jioni, na begi na godoro, atafanya nini? Atasimamisha gari la kwanza litakalosimama. Ni nani anayesimama kumchukua msichana wa shule peke yake gizani? Wapo wasamaria wema. Wapo pia wengine.

Kosa lake lilikuwa kuimba kwa sauti.

Katiba yetu, kifungu cha 53, inasema maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia katika kila jambo linalomhusu, na inamlinda dhidi ya kutelekezwa na kutendewa ukatili. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeeleza hayo kwa urefu. Mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, hata akiwa mrefu kuliko dereva na ana ndevu. Ukimpokea kwenye gari na kuchukua nauli yake, umemchukua mpaka aendako.

Basi dereva afanye nini gari likimshinda? Asimame mahali penye watu na taa, kwenye mji: Mutomo, Kibwezi, Emali, Sultan Hamud, Kabati, Mwingi. Azime muziki kabisa, hilo peke yake hutuliza nusu ya gari. Awaambie wazi kwamba haondoki mpaka watulie. Wakikataa, aende kituo cha polisi na abiria wote, na apige simu kwa shule ambayo sare zao anaziona. Mwalimu mkuu atapatikana. Mzazi atapatikana. Dakika ishirini zitapotea, na abiria watanung'unika, lakini hakuna atakayelala na swali moyoni. Na abiria ukiona dereva anataka kumshusha mtoto porini, sema. Sema hata kama mtoto huyo ndiye aliyekukera tangu Kitui. Andika nambari ya gari na jina la SACCO lililo ubavuni. Simu ya kusaidia watoto ni 116, haina malipo. Polisi ni 999 au 112.

Kuna jingine dogo linaloambatana na hilo. Mtu anapokasirishwa na vijana siku hizi, hatoi neno; anatoa simu. Anawarekodi na kabla ya kufika Wote picha imesambaa kwenye makundi ya WhatsApp na maneno ya kejeli. Katiba inalinda faragha ya kila mtu katika kifungu cha 31, na mtoto analindwa zaidi. Ukirekodi kwa ajili ya ushahidi wa uhalifu, mpelekee polisi au mwalimu mkuu. Ukirekodi ili watu wacheke, umefanya kosa kubwa kuliko la aliyeweka miguu kwenye kiti. Kiti kitapanguswa. Picha ya msichana wa watu itakuwa kwenye simu za watu akiwa na miaka thelathini.

Na kwa kuwa nimetaja wasichana: makondakta, neno la utani kwa msichana wa shule, mkono wa kumsaidia kupanda unaokaa mahali pasipofaa, nauli anayosamehewa kwa sharti ambalo halisemwi kwa sauti. Mnajua ninachosema. Novemba 2014 wanawake waliandamana Nairobi baada ya wenzao kuvuliwa nguo hadharani kwenye steji na ndani ya magari. Sheria ilibadilishwa baada ya hapo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 nayo inasema wazi kuhusu aliye chini ya miaka 18, na "alikubali" si jibu mahakamani. Mwanafunzi akifanyiwa hivi amwambie mwalimu, mzazi au afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Tukidai vijana watuheshimu ndani ya gari, wasichana wao wana la kutudai kwanza.

Wengine wametangulia kukutana na haya. Jiji la London, mwaka 2005, liliwaruhusu watoto wa chini ya miaka 16 kupanda mabasi bila nauli, na mwaka uliofuata likaongeza wa miaka 16 na 17 walio masomoni. Mabasi yakajaa vijana, na wazee wa London wakalalamika maneno yaleyale ya wazee wa Kitui. Walichofanya ni kuweka kanuni za tabia zinazoambatana na kadi ya kusafiria. Ukizivunja vibaya, kadi inaondolewa. Lakini waliweka pia njia ya kuirudisha, kijana afanye kazi ya kujitolea kisha arudishiwe. Sisi hatuna kadi wala basi la bure. Ninachokipenda katika mpango ule ni kwamba adhabu ilihusu safari, haikuhusu kichapo wala aibu, na mlango wa kurudi uliachwa wazi.

Hapa kwetu tuna kitu ambacho London hawana: tunajuana. Dereva wa Kitui hadi Zombe anajua mtoto wa nani anatoka wapi. Kwa hivyo nawaomba walimu wakuu na viongozi wa SACCO, mkikaa leo mchana, mjaribu kupatana juu ya machache. Mwalimu wa zamu awe steji siku ya kufunga, asiondoke mpaka gari la mwisho la wanafunzi wake litoke. Awe na orodha ya nani amepanda gari gani. Dereva apewe nambari ya simu ya shule kwenye karatasi kabla ya kuondoka. Katika kila gari mwanafunzi mmoja achaguliwe na wenzake kuwa msemaji wao, ndiye kondakta atazungumza naye kukiwa na jambo. Masanduku na magodoro yawe juu ya gari au kwenye buti, yasiwe njiani. Nauli ya siku hiyo itangazwe shuleni mapema, ili mtoto asipunjwe na mzazi asidanganywe. Na shule zisifungue lango saa tisa alasiri kwa mtoto anayekwenda Tseikuru au Mtito Andei. Huyo atoke asubuhi, hata kama hotuba ya mwalimu mkuu itakuwa fupi. Samahani, mwalimu.

Kwa wazazi nina ombi moja. Mtoto akifika nyumbani tunamuuliza matokeo. Muulizeni pia alisafiri vipi: alikaa wapi, alilipa ngapi, nani alikuwa naye, gari lilikuwaje. Ulizeni kama mnaotaka kujua, msiulize kama askari. Mtasikia mambo ambayo hayafiki ofisini kwangu.

Upande wa kaunti, malalamiko ya kelele na fujo katika steji na maegesho yetu yaleteni katika ofisi ya wadi au kwa msimamizi wa mji, mkiwa na nambari ya gari, siku na saa. Lalamiko lisilo na nambari ya gari ni hadithi tu, hatuwezi kulifuata.

Naona mkono umeinuliwa kule nyuma, na nadhani ni dereva wa gari la Mutomo ambaye ametikisa kichwa tangu nilipotaja spika. Mpeni kipaza sauti. Baada yake, wale wanafunzi wawili wa dirishani.